UZITO WA MSHALE NA AMANA YA MWINDAJI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanyama kuwa riziki ya waja wake, na akaweka hukumu katika kuwatwaa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baadu. Ndugu Waislamu, wako watu wadhanio ya kuwa kuchagua mshale ni mchezo tu, usiohusiana na dini. Lakini mwenye kuwinda kwa uta huanza kuamua tangu nyumbani, mshale ungali mkononi mwake, kama nyama atakayowaletea watoto wake itakuwa halali au haramu.

Asili ya jambo hili imo katika hadithi ya Adi bin Hatim (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Sahaba huyu alimwuliza Mtume (s.a.w.) habari za miradhi, nao, kwa kauli ya baadhi ya wanavyuoni, ni mshale usio na manyoya. Akajibiwa kuwa mnyama aliyechomwa kwa ncha huliwa, na aliyepigwa kwa ubavu wake akafa haliwi. Huyo wa pili amekufa kwa kipigo, naye ametajwa miongoni mwa vilivyoharimishwa katika Sura Al-Maida, aya ya 3. Basi kinachohalalisha ni kupenya, wala si kishindo.

Na mshale hupenya kwa mambo mawili: makali ya chembe chake, na uzito unaoyasukuma makali hayo. Mshale mwepesi huondoka upesi na kwenda mbali, ukamfurahisha mpigaji. Lakini ukikuta ngozi na mfupa husimama mapema. Ni kama kumbi la nazi: hata likitupwa kwa nguvu, halina msukumo. Tena mshale mwepesi mno haubebi nguvu yote ya uta. Nguvu inayosalia hurudi katika mti na upote, ikavuma kwa sauti ya kumshtua mnyama, na mwisho huweza kuupasua uta wenyewe. Ndiyo sababu kuachia upote bila ya mshale huvunja uta. Waturuki waliyajua haya: katika uwanja wa Okmeydanı, Istanbul, walishindania umbali kwa mishale myepesi sana, na vitani wakachukua iliyo mizito zaidi.

Na mshale uliozidi uzito nao una aibu yake: huenda polepole na kuanguka mapema, akapigwa mguuni mnyama aliyekusudiwa moyoni. Jahazi lisilo na farumi hupinduka, na lililozidishwa farumi huzama.

Kipimo kinachofuatwa na wawindaji wengi wa nyuta za jadi ni kama gramu 0.65 za mshale, pamoja na chembe chake, kwa kila ratli 1 ya uzito wa kuvuta. Hivyo uta wa ratli 54 wataka mshale wa gramu 35, yaani uzito wa rupia 3 za fedha zilizotumika zamani Pwani. Na mishale yote ya podo iwe sawa, ili mkono uliozoea mmoja usidanganywe na mwingine.

Wala mtu asighurike na uzito peke yake. Mshale mzito ulio butu huua kwa kupiga, na hukumu yake imekwisha kutajwa. Uzito ni mtumishi wa makali. Katika hadithi ya Shaddad bin Aus (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim, mchinjaji ameamrishwa kunoa kisu chake na kumpumzisha mnyama, basi mwenye kuua kwa mbali yampasa kuzidi kuangalia.

Mnyama aliyejeruhiwa, akakimbia kufa mwituni kwa maumivu ya siku tatu, hana ulimi wa kushtaki. Lakini Mola wake hamsahau. Kwa hiyo mwindaji na apime mishale yake, anoe chembe, asogee karibu, ataje jina la Mwenyezi Mungu apigapo, na asipokuwa na yakini auzuie mkono wake. Na aliye katika nchi iliyokataza kuwinda, kama Kenya tangu 1977, ajizoeze kwa shabaha ya majani makavu, wala si kwa kiumbe chenye roho, kwani Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye hivyo.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu chumo la halali na mikono yenye huruma. Amin. Wallahu aalam.