Mcheza Kwao

Mwezi Machi 2024, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, BASSFU, lilimfungia mwimbaji Zuchu kwa miezi sita asifanye shughuli za sanaa visiwani. Chanzo kilikuwa onyesho lake la Februari 24 huko Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ambako maneno na ishara zake jukwaani zilihesabiwa kuwa kinyume na mila na silka za Mzanzibari. Huku kwetu kusini, Kizimkazi, habari hiyo ilikaliwa barazani kama zinavyokaliwa habari za jamaa. Mmoja anasema, "Mtoto wetu katutia aibu." Mwengine anamkata, "Bwana wee, huyo si wetu tena, keshakuwa wa Dar." Walibishana kama mahasimu, na kumbe wote wawili wamesimama pamoja. Kila mmoja anaamini kwamba mwimbaji ni wa watu fulani, na kwamba watu hao wanaweza kumdai au kumkana. Hakuna aliyeuliza mwimbaji anakuwaje wa watu.

Jibu linalokuja haraka ni asili. Muziki wa vijana si wetu, tunaambiwa, kwa sababu mapigo yake yametoka nje. Anayesema hivyo naomba ashuke hadi Dimbani akautazame msikiti wetu. Maandishi ya kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini yale maandishi ya Kikufi yamebaki, herufi zimesukana kama ukili. Wataalamu wameufananisha mwandiko huo na kazi ya Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Mtindo, basi, umekuja na pepo za kaskazi. Jiwe ni tumbawe la bahari hii hii. Na sijapata kumsikia Mkizimkazi akisema msikiti ule ni wa Waajemi. Vizazi na vizazi vimesujudu pale, vikafagia, vikatengeneza paa lilipovuja, vikazika wazee wao pembeni yake. Hicho ndicho kilichoufanya wetu.

Taarabu nayo haikuchimbuka Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kwa muda mrefu ilikuwa starehe ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Aliyeifikisha mtaani ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba mnamo 1880, mtoto wa mama mfinyanzi, aliyekuwa akitembeza vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti ile ile iliyokuja kumpa jina. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimrekodi Bombay akiimba kwa Kiswahili, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Leo hii taarabu ndiyo tunayomwekea mgeni mbele tukitaka kumwonyesha kilicho chetu.

Hata leo mambo ni hayo hayo. Katika ngalawa na boti zinazopeleka watalii kuwaangalia pomboo, vijana wetu hufunga spika ndogo karibu na mashine, na simu moja hupiga Zuchu kisha ikapiga Bad Bunny, na nahodha anaitikia vyote viwili, Kihispania akikisia. Huyo Bad Bunny, kwa jina la kuzaliwa Benito Antonio Martínez Ocasio, alizaliwa 1994 na kukulia Vega Baja, Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Alikuwa akiwapakilia wateja bidhaa mifukoni katika supamaketi huku akipandisha nyimbo zake kwenye intaneti. Mapigo aliyoanza nayo ni ya trap, yale ya besi nzito na visahani vinavyotetema upesi upesi, yaliyozaliwa Atlanta miongoni mwa Wamarekani weusi. Akayaimbia Kihispania cha kisiwani kwao, na umaarufu ulipomfika hakuhamia Kiingereza. Mwaka 2025 alitoa albamu ya Debí Tirar Más Fotos, akachanganya humo salsa na plena za wazee wake, kisha kuanzia Julai hadi Septemba akapiga mfululizo wa maonyesho San Juan. Tiketi za maonyesho tisa ya mwanzo zilikuwa za wakaazi wa Puerto Rico peke yao.

Hayo maonyesho tisa yananifikirisha kuliko tuzo zake zote. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, nasi tunaipokea methali hiyo kama kwamba kwao ni mahali pa kuzaliwa tu, na kwamba utunzo utakuja wenyewe. Pale mcheza alichagua nani akae mbele. Angeweza kuwauzia wenye fedha nyingi zaidi. Akaanza na majirani. Kwao, kwa maana hiyo, ni watu ambao mwimbaji yuko tayari kupoteza kitu kwa ajili yao. Basi ni lazima tuigeuze kauli hiyo tuielekeze kwetu: je, na sisi tuko tayari kupoteza kitu kwa ajili ya mwimbaji?

Taarabu inalijibu swali hili kila usiku wa shughuli. Mtu amekaa kitini kimya, wimbo unakwenda beti baada ya beti, na yeye anaungoja mstari wake. Ukifika anainuka. Noti iko mkononi, mkono umeinuliwa juu, na hendi mbio. Anacheza polepole kati ya viti, khanga kiunoni, uso umekaza au unacheka kidogo, mpaka mbele ya mwimbaji. Anatoa. Ukumbi mzima umeshaona nani kainuka na kwa mstari upi, na wenye kujua wanajua anamwambia nani. Fedha yenyewe huenda ni ndogo. Alichokitoa hasa ni siri yake: amejitangaza kwamba maneno yale ni yake, na kesho atakutana na mtaa kwa sababu hiyo. Tangu dakika ile wimbo una wenyewe wawili.

Umiliki wa namna hii ndio ninaoutambua. Haupatikani kwa cheti cha kuzaliwa wala kwa kujisifu mtu akishinda. Unapatikana kwa kutoka mbele za watu na kutoa. Kwenye simu naweza kuusikiliza wimbo usiku kucha, asubuhi nikakaa barazani nikausema vibaya, na hakuna atakayejua. Khadija Kopa, mama yake Zuchu, aliyeimba taarabu na kundi la Culture Musical Club kabla ya kuhamia kundi la TOT huko Bara, alikulia mbele ya watu wanaoinuka. Binti yake anaimba mbele ya mamilioni ambao hawajapata kuinuka.

Sisemi kwamba jamii haina haki ya kukanya. Inayo, na aibu yenyewe ni ushahidi. Hakuna mtu Kizimkazi aliyeona haya Bad Bunny alipozungusha kiuno San Juan. Tulimwonea haya Zuchu kwa sababu ni damu yetu, na yule aliyesema keshakuwa wa Dar naye alikuwa akiikimbia haya hiyo hiyo. Aibu ni namna ya kukiri undugu. Lakini ndugu anayejitokeza siku ya kukanya tu, ambaye hakuonekana siku ya njaa wala siku ya kujifunza, neno lake ni jepesi hata likiwa la haki.

Na tumetoa nini? Nitakuwa mwadilifu: tumetoa kingi bila ya kukusudia. Mtoto wa Unguja hufunzwa kuvuta pumzi na kupandisha sauti madrasani, kwenye kasida na maulidi, kabla hajajua kuna kitu kinaitwa studio. Lugha yenye mafumbo tumempa. Katika EP ya I Am Zuchu ya 2020 umo wimbo wa Mauzauza alioimba na mama yake, na ukiusikiliza utaijua shule iliyomlea. Baada ya hapo mkono wetu hauonekani. Alijaribu bahati yake katika mashindano Lagos mwaka 2015, na aliyemtambulisha rasmi, Aprili 2020, ni lebo ya WCB Wasafi ya Dar es Salaam. Siti naye alikwenda mjini na vyungu vyake kichwani. Tumewachelewa wote wawili, na hilo naliona ni kosa letu zaidi kuliko la serikali au la baraza lolote.

Kila mwaka Kizimkazi, kwao Rais Samia Suluhu Hassan, hujaa watu kwa tamasha letu. Wasanii wakubwa huletwa, majukwaa hupambwa. Kule Mji Mkongwe kipo chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa 2002, kinachofunza ganuni, fidla, udi na ngoma. Msichana wa Dimbani au Muyuni anayetaka kujifunza huko lazima apande gari ya abiria, aombe ruhusa ya wazee, na arudi magharibi imeshaingia. Wengi hawaombi hata hiyo ruhusa.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa tamasha, na nyinyi wenye maduka, boti na hoteli za kusini: usiku mmoja wa tamasha uwe wa wasichana wa hapa ambao hawana jina bado, walipwe kama wanavyolipwa wageni, na mwalimu mmoja wa muziki akodiwe afundishe huku huku, mwaka mzima, katika skuli zetu.