Ushuhuda wa Wanunuzi Katika Nyumba ya Mwuzaji

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii ya wazee yawahusu wote wenye kutafuta faida, na mfanyabiashara ni mmoja wao. Siku hizi maduka mengi huuza vitu kwa njia ya intaneti. Mnunuzi haishiki nguo kwa mkono wake. Huona picha yake tu katika simu. Chini ya picha husoma maneno ya watu walionunua kabla yake, pamoja na nyota: nyota tano ni sifa kubwa, nyota moja ni lawama. Tajiri akinunua kitu kibovu, hukasirika akasahau. Maskini hupoteza akiba ya miezi mingi. Basi ni haki yake kuuliza: Je, mashahidi hawa waaminiwe?

Watu hudhani kwamba hatari ni moja tu, yaani shahidi mwongo. Naam, yuko. Huko Marekani, mwaka 2019, Tume ya Biashara ya serikali ilishtaki kampuni ya Sunday Riley, yenye kutengeneza mafuta ya ngozi. Tume ilisema kwamba wakubwa wa kampuni waliwaagiza wafanyakazi kuyasifu mafuta hayo katika kurasa za duka la Sephora, kana kwamba wao ni wanunuzi wa kawaida. Ubaya wa tendo kama hilo hata mtoto autambua.

Lakini iko hatari nyingine iliyofichika zaidi. Mwaka 2022 Tume ile ile ilitangaza shauri juu ya Fashion Nova, duka la nguo la California. Kwa maelezo ya Tume, tangu mwaka 2015 hata 2019, maneno yenye nyota nne au tano yalitokea mara moja katika kurasa za duka. Yenye nyota chache yaliwekwa kando kungoja ruhusa, nayo ruhusa haikutolewa. Yaliyozuiliwa yalikuwa mamia ya maelfu. Duka lilikubali kulipa dola milioni 4.2 ili kumaliza shauri.

Katika jambo la namna hii, ni nani asemaye uongo? Mwanamke aliyeandika kwamba gauni lake ni zuri amesema kweli. Kila neno lililosomwa laweza kuwa kweli, na msomaji akadanganyika. Ni kama baraza ambamo mdaiwa mwenyewe analinda mlango: huwaingiza mashahidi wake, wengine huwaacha nje juani. Wazee wakisikia mashahidi kumi wakipatana, watakata hukumu mbaya, ingawa hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Basi mtu aweza kudanganya kwa kuwanyamazisha wengine.

Labda mtu atasema: “Duka ni lake, je, hana ruhusa ya kupanga nyumba yake apendavyo?” Anayo. Aweza kukataa matusi, aweza hata kutoalika mashahidi kabisa. Lakini akiisha kuwaalika, na kutangaza kwamba haya ndiyo maneno ya wanunuzi, maneno hayo ni amana mkononi mwake. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya Marekani yakataza sifa za kubuniwa. Yakataza pia duka kujidai kwamba limeonyesha maneno yote au sehemu yake kubwa, hali limeficha yenye kulaumu.

Hata hivyo sheria hufika baada ya hasara. Basi mnunuzi afanyeje? Asiamini yote, wala asidharau yote, maana wengi wameandika kwa moyo mweupe.

Kwanza, asihesabu nyota tu, bali asome habari. “Nzuri sana” haimfundishi kitu. “Rangi ilitoka nilipoifua mara ya pili” yamfundisha mengi.

Pili, aitafute lawama. Asipoiona hata moja kati ya sifa mia, aulize ni nani aliyelinda mlango.

Tatu, amwulize mtu asiyepata faida yoyote katika biashara hiyo, kama jirani aliyekwisha kununua kitu kile kile.

Naye mwuzaji akumbuke neno moja. Lawama ya haki yauma, na pengine itamfukuza mnunuzi mmoja leo. Lakini pasipo lawama hiyo, sifa zote zilizo kando yake hazina uzito, maana hakuna ajuaye kilichofichwa.