Mlinzi Atazamaye Mbele Tu

Somo: 1 Petro 5:8



Sisi wa Zegereni, na jirani zetu wa Kibaha na Kisarawe, twaujua mto Ruvu, ambao upande wa chini, kuelekea Bagamoyo, uliitwa Kingani. Jina hilo Wadachi waliipa manowari yao ndogo ya doria katika ziwa Tanganyika. Habari za chombo hicho zina mafundisho kwetu.

Jumapili tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, Kingani ilikuwa ikipeleleza pwani ya Kongo. Mzinga wake ulikuwa mmoja, nao uliwekwa omoni, usiweze kupiga ila mbele. Motaboti mbili za Waingereza zikaijia kwa upande wa tezi. Mapigano hayakufika robo saa. Nahodha akafa pamoja na baadhi ya watu wake, na chombo kikatekwa. Wenzao wa Kigoma wakangoja kirudi, wala hakikurudi.

Je, mabaharia wale walilala? La, walikesha, lakini walilindwa upande mmoja tu. Ndivyo tulivyo wengi wetu. Mtu ajilinda sana na ulevi, na huku nyuma kiburi chamjia. Mwingine hakanyagi mlango wa mganga, lakini kwa ajili ya mpaka wa shamba hasemi na nduguye mwaka mzima, naye huja mezani pa Bwana.

Tena tazameni: chombo kilichotekwa hakikutupwa. Kilitengenezwa, kikaitwa Fifi, kikapewa mzinga mkubwa zaidi. Na tarehe 9 Februari 1916 kikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa zamani. Hatusemi ya kuwa taifa moja lilikuwa la Mungu na jingine la Shetani, maana pande zote mbili walikuwamo watu waliobatizwa, na jana yake ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Mfalme wa Amani. Twasema haya tu: moyo uliotekwa na chuki haukai bure, adui huutumia kuwapiga wa nyumbani mwake.

Basi tufanyeje, sisi tusio na macho kisogoni? Mwimbaji wa Zaburi ya 139 ajua ya kuwa Mungu amemzunguka, nyuma yake kama mbele yake. Tumwombe Yeye atuonyeshe upande tusioulinda; na mwenye neno na nduguye aende kwake kabla ya Jumapili ijayo. Amin.