Nasaha kwa Mwenye Kuendesha Meza

Mwanangu, umekubali kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika kwenye tamasha, mbele ya watu usiowajua, nawe wataka kujua uchukue kisa gani. Chukua The Haunting. Ni kisa cha mchezo uitwao Call of Cthulhu, ambao Sandy Petersen aliutunga kutokana na hadithi za H. P. Lovecraft na kampuni ya Chaosium ikautoa mwaka 1981. Kimekuwemo tangu toleo la kwanza, na leo kimo hata katika kijitabu cha sheria fupi ambacho Chaosium hukitoa bure. Mimi nakipenda kuliko visa vyote vya matamasha, kwa kuwa humlazimisha mwenye meza kuwa na adabu.

Chenyewe ni chepesi kukishika. Tupo Boston, miaka ya 1920. Bwana Knott ana nyumba isiyopata mpangaji, maana familia ya Macario iliyokaa humo ilipatwa na maafa, baba na mama wakarukwa na akili. Anawaajiri wachezaji wako waichunguze. Hapo hapo kila mtu, hata aliyegusa dadu leo kwa mara ya kwanza, anajua la kufanya.

Kwa hiyo wasalimie, uliza majina, wala usianze na mhadhara wa sheria. Waambie watarusha dadu mbili za pande kumi ili kupata namba kati ya 1 na 100, na kwamba anayepata namba isiyozidi kiwango cha ujuzi wake amefaulu. Yanayobaki watajifunza njiani.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu zamu ya kusema. Meza ya wageni haikosi msemaji mmoja na mkimya mmoja. Usimkaripie msemaji, wala usimkodolee mkimya macho ukamwaibisha. Kisa chenyewe kina dawa. Kabla ya kwenda kwenye nyumba, wachunguzi wanaweza kupekua magazeti, kwenda maktaba, kutafuta hati za serikali, kuuliza majirani. Wagawanye. Huyu mwache aende gazetini, yule maktaba, na alichokipata kila mmoja kiandike kwenye kikaratasi umpe yeye peke yake. Wakikutana tena, mkimya anacho ambacho wenzake wanakihitaji, na ni yeye atakayekieleza kwa maneno yake. Akianza kueleza, nyamaza. Msemaji akimkatiza, mwombe kwa upole angoje. Nimeona watu waliokaa kimya tangu mwanzo wakiamka kwa kikaratasi kimoja tu, na kuanzia hapo meza ikawa yao pia.

Lakini uchunguzi huo ni mtamu, nao hula muda. Ukipewa muda wa saa nne, hakikisha wamevuka kizingiti cha nyumba kabla ya nusu yake kwisha. Wakikawia, acha majirani, acha hati, wapeleke. Kumnyima mgeni mwisho wa hadithi ni dhuluma, na kundi linalofuata lina haki ya kuikuta meza wazi.

Hofu nayo ina mipaka. Waeleze kabla ya kuanza kwamba mna vifo na wazimu ndani, kisha weka mezani ile kadi yenye alama ya X aliyoibuni John Stavropoulos. Atakayeigusa, jambo lililopo mnaliruka, wala haulizwi sababu. Na mhusika anapopoteza akili, usiufanye ugonjwa huo kichekesho. Huenda pale mezani yupo anayeuguza nduguye.

Ghorofani kuna kitanda kinachoweza kumrusha mtu dirishani. Onyesha ishara mapema, waache waamue wenyewe, kisha heshimu dadu. Ila atakayefiwa na mhusika wake usimwache akae mtazamaji. Mpe karatasi ya mhusika mwingine aingie kwa mlango wowote. Gary Gygax alipopeleka kisa chake kikali, Tomb of Horrors, kwenye tamasha la Origins mwaka 1975, yalikuwa mashindano, na ukali ulikuwa na mahali pake. Wageni wako hawakuja kushindana nawe.

Akija mtu aliyekwisha kukicheza kisa hiki, mkaribishe. Mwombe pembeni asifichue siri, umpe mhusika ambaye kazi yake ni kuwasaidia wenzake. Kilichomo chini ya nyumba sikiandiki hapa, maana huenda anayesoma ataketi kwenye meza yako.

Basi chapisha karatasi za wahusika, mbili zaidi ya idadi ya wachezaji. Chonga penseli, leta dadu za kuazima, na ufike kabla ya wageni wako.