Chipsi Baada ya Ijumaa

Ndugu zangu katika imani, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nasema juu ya chipsi, na anayetaka kucheka acheke. Surat Abasa, aya ya 24, imemtaka mwanadamu akitazame chakula chake. Sisi tunakipokea kimefungwa na kukila njiani.

Tukitawanyika hapa, wengi tutaelekea kwenye mabanda ya chipsi ya Makoroboi na Mlango Mmoja, humu Mwanza. Kiazi halali, yai halali, mafuta halali. Lakini mtazame mkaangaji anavyoiminya ile chupa ya mayonizi: mstari wa kwanza, wa pili, na mteja bado anasema, “Ongeza, bosi wangu.” Ile nyeupe si maziwa. Sehemu kubwa ni mafuta, yaliyopigwa na yai na siki mpaka yakashikana, na kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 100. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha hazifiki kalori 90. Vikitoka kwenye karai hupita 250. Basi tumekaangia mafuta, tukamwagia mafuta, kisha chumvi juu.

Siharamishi alichohalalisha Mungu. Ila Al-A'raf, aya ya 31, imeruhusu kula na kunywa na papo hapo ikakataza israfu, na israfu si ya fedha tu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji, pumzi. Sahani ile inaiachia pumzi nafasi gani?

Linaloniuma zaidi ni watoto. Pale Mwaloni Kirumba dagaa wa ziwa letu wanauzwa kwa magunia. Wana protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana kalsiamu tele. Lakini wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku. Kuku anakula dagaa, anataga, yai linageuka mayonizi, na mtoto wa Igoma anapakiwa hiyo mayonizi na kuambiwa ameshiba. Bibi zetu wa Kisukuma walilea kwa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, wala hakuna aliyeona amedhulumiwa.

Na wewe mkaangaji uliye katika safu hii: mafuta yakishakuwa meusi na kutoa povu, yamekwisha. Mayonizi iliyofunguliwa haikai kutwa kwenye jua la Mwanza. Kachumbari iwe ya kuliwa, si vipande vinne vya kabichi. Surat Al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Anayemlisha mtu mafuta ya juzi kwa bei ya leo akaisome mwenyewe.