Mandazi ya New Orleans na Amri ya Tatu



Wiki hii siandiki juu ya novena wala juu ya wito. Naandika juu ya safari, na juu ya ugomvi ulioingia kwenye kundi letu la WhatsApp kwa sababu ya safari hiyo. Sisi ni vijana wa kwaya ya Kiswahili hapa Houston, Texas: Watanzania, Wakenya, na Wakongo ambao wengi wao walipitia kambi za wakimbizi. Tumepanga kwenda kutembea New Orleans, Louisiana, kwa siku mbili na nusu. Ni mwendo wa saa tano na nusu hivi kwa gari, barabara moja tu, I-10, unaifuata kuelekea mashariki mpaka ufike. Watu kumi na wawili, magari mawili.

Kazi ya kupanga ratiba nikapewa mimi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilisoma usiku tatu mfululizo. Nikaona kwamba mji ule mzuri, wenye vibaraza vya chuma kilichosukwa kama kamba, tramu za zamani na kanisa kuu la Mtakatifu Louis linalotazama mto Mississippi, ndio uliokuwa soko kubwa kuliko yote la watumwa nchini Marekani. Dakika chache tu kwa miguu kutoka mlango wa kanisa hilo, kwenye mitaa ya Chartres na St. Louis, palikuwa na hoteli ya fahari. Chini ya kuba lake watu walinadiwa pamoja na michoro, samani na mashamba, huku wateja wakila chakula cha mchana. Nikafika kwenye habari iliyoniuma zaidi: mwaka 1838 Mapadre Wajesuiti wa Maryland waliwauza watu 272, wazee, akina mama na watoto, kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya chuo chao, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Georgetown. Wengi wao walipelekwa Louisiana hiyo hiyo. Walikuwa Wakatoliki. Walibatizwa na mapadre waliowauza.

Basi nikaweka ratiba. Jumamosi asubuhi shamba la Whitney, mchana mahali pa mnada, jioni kaburi la mtumwa asiyejulikana. Jumapili Misa, kisha kurudi. Nikaituma kwenye kundi nikiwa nimeridhika kabisa.

Jibu la kwanza lilitoka kwa kaka mmoja wa sauti ya nne: "Ndugu katibu, hii ni ratiba ya utalii au ya msiba?"

Huyu kaka anafanya zamu ya usiku kwenye ghala, siku sita kwa wiki. Akaendelea: "Mimi nataka kula yale mandazi yao, kusikiliza tarumbeta, na kulala. Nimechoka. Mateso nayajua, sihitaji kuyalipia kiingilio." Dada mmoja akamrukia: utakulaje mandazi juu ya makaburi ya watu? Mwingine akasema mambo ya Wamarekani tuwaachie Wamarekani. Hadi saa sita usiku kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia moja, na watu wawili walikuwa wamejitoa kwenye kundi. (Mmoja amerudi.)

Nilikuwa upande wa yule dada, nakiri. Nilimwona kaka yule kama mtu asiyejali. Lakini swali lake lilinibakia kichwani, nami nikaligeuza hivi: je, ni halali kwa Mkristo kufurahi mahali ambapo wenzake waliteswa? Kama si halali, basi tusicheke popote, maana sijui ni kipande gani cha dunia hakijanywa damu ya mtu. Bagamoyo tunakwenda kuogelea. Zanzibar watu wanakwenda fungate. Kama ni halali, basi ni kwa namna gani, bila kuwakanyaga waliolala pale?

Hoja ya "tuwaachie Wamarekani" nimeiacha mapema. Kwanza, misafara ya kwetu pwani ilikuwa na wauzaji wenye sura kama zetu, kwa hiyo tusijifanye wageni wa jambo hili. Pili, waliouza Maryland na waliouzwa Louisiana walikuwa na ubatizo mmoja na mimi. Hiyo ni familia yangu, pande zote mbili.

Kilichonibadilisha ni vitu viwili. Cha kwanza ni sheria ya zamani. Wafaransa walipotawala Louisiana waliweka mwaka 1724 sheria ya watumwa iliyoitwa Code Noir. Ilikuwa sheria katili; aliyetoroka aliweza kukatwa masikio na kuchomwa alama begani. Lakini kwa kuwa watawala walikuwa Wakatoliki, sheria hiyo iliamuru pia watumwa wabatizwe, wafundishwe dini, na wasifanyishwe kazi siku ya Jumapili. Yaani walipewa jina la Kikristo na siku moja. Uhuru hawakupewa. Nimejaribu kufikiria huyo bwana aliyepiga magoti Jumapili karibu na mtu ambaye angeweza kumpeleka mnadani Jumatatu. Sijui alikuwa akiungama nini. Hata Masista Waursulini waliofika mwaka 1727, walioendesha shule na hospitali, walimiliki watumwa. Msiniulize jinsi ya kulainisha hilo, sijapata namna, na nadhani si kazi yetu kulilainisha.

Lakini tazameni watumwa wenyewe waliifanyia nini hiyo siku moja. Jumapili mchana walikusanyika kwenye uwanja wa nyuma ya mji, mahali paitwapo leo Congo Square. Waliuza vyakula na vitu walivyotengeneza kwa mikono yao. Wapo waliotunza senti kwa senti hadi wakajinunua. Na walipiga ngoma. Walicheza michezo ya kwao, watu wa Senegambia, watu wa Kongo, kila kundi na duara lake. Mwaka 1817 baraza la mji likaagiza mikusanyiko ya namna hiyo ifanyike mahali pamoja tu, siku ya Jumapili tu, mpaka jua kuchwa. Wakaendelea kucheza. Wanaoeleza jazz ilikotoka huanzia uwanja huo, ambao leo uko ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong. Tarumbeta anayoitaka yule kaka wa ghalani ina mizizi pale pale nilipotaka kumpeleka alie.

Kitu cha pili ni mama mmoja wa kwaya yetu. Ametoka Kivu, amekaa Nyarugusu, kambi ile ya Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Nilimweleza ugomvi wetu tukiwa tunasubiri mazoezi yaanze. Akasikiliza, akacheka kidogo, akasema: "Sasa siku mukitaka kunikumbuka mimi, mutakumbuka kambi tu? Harusi yangu nilifanyia kambini. Tulicheza mpaka asubuhi."

Sikuwa na la kujibu. Maana ratiba yangu ilikuwa imefanya hivyo hivyo kwa watu wa New Orleans. Niliwapa minyororo yao, nikawanyima Jumapili yao. Na nikichimba zaidi dhamiri yangu, kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilishaanza kufikiria picha. Mimi nimesimama mbele ya ule msalaba wa minyororo, uso mzito, maneno mafupi chini yake. Huzuni nayo mtu anaweza kuinunua kama fulana ya ukumbusho.

Nikarudi kwenye amri ya tatu. Sisi tumezoea kuikariri kwa ufupi, kuitakasa siku ya Bwana, tukadhani ni habari ya kwenda Misa tu. Someni yote, sura ya 5 ya Kumbukumbu la Torati. Mungu anaagiza pumziko kwako, kwa mtumishi wako, hata kwa ng'ombe na punda, kisha anatoa sababu, na sababu yenyewe ni kwamba Israeli wakumbuke kuwa walikuwa watumwa Misri. Kupumzika na kukumbuka utumwa vimewekwa ndani ya amri moja. Mimi na yule kaka tuliigawana vipande viwili, kila mmoja akakimbia na chake.

Kwa hiyo sasa nadhani furaha yenyewe haina kosa. Kosa ni ile furaha inayokuhitaji usijue. Kule kando ya mto Mississippi kuna nyumba nyingi za mabwana wa zamani wa miwa, nguzo nyeupe, miti mikubwa, na baadhi hukodishwa kwa harusi. Kuna mahali utaonyeshwa vyombo vya fedha na vitanda vya mwerezi kwa saa nzima, na waliopika na kutandika watatajwa kwa sentensi moja tu, "watumishi". Nyumba ya namna hiyo siwezi kuipa dola zangu, na sidhani naweza kula pilau ya harusi pale hata kama bibi harusi ni dada yangu. Hapo uzuri unauzwa pamoja na uongo. Mandazi ya mjini hayana shida hiyo. Ni unga, mafuta na sukari ya unga mpaka puani, pamoja na kahawa iliyochanganywa na chikori. Hayamfichi mtu.

Whitney nimeiacha kwenye ratiba. Ni takriban saa moja kwa gari kutoka mjini, ilifunguliwa kwa wageni Desemba 2014, na inasimulia habari za waliotumikishwa, si za bwana. Majina yao yamechongwa kwenye kuta. Nimeongeza neno "hiari": magari ni mawili, asiyeweza kwenda anaweza kupanda tramu ya mtaa wa St. Charles au kulala. Uchovu wa mtu wa zamu ya usiku si dhambi, na mimi nisiyebeba maboksi sina haki ya kumpimia.

Jambo moja tu nimelikazia kwa wote, ni kanisa la Mtakatifu Augustino, mtaa wa Tremé. Lilijengwa 1841 na kubarikiwa 1842. Simulizi la parokia linasema watu weusi waliokuwa huru walianza kulipia viti vya familia zao, wazungu nao wakaanza kushindana kununua, na wale watu huru wakanunua vingi zaidi, halafu vya pembeni wakawapa watumwa wakalie. Fikirini jambo hilo: kumnunulia mwenzako kiti kanisani wakati sheria inasema yeye mwenyewe ananunuliwa. Venerabili Henriette Delille alianzisha shirika lake la masista weusi, Familia Takatifu, mwaka huo huo wa 1842, kuhudumia wazee, yatima na watumwa. Nje, ukutani, kuna lile kaburi la mtumwa asiyejulikana: msalaba mkubwa wa minyororo minene ya meli, umelala ubavu kama umeanguka, na pingu zinaning'inia. Tutasali hapo muongo mmoja wa rozari. Simu zitabaki kwenye gari, yangu ikiwa ya kwanza.

Kutoka hapo mpaka Congo Square ni mwendo mfupi kwa miguu. Tutafika Jumapili baada ya Misa, na tunabeba ngoma mbili za kwaya. Yule mama wa Kivu amesema anakuja na vitenge vya kukalia na kwamba yeye hatakaa.

Tunaondoka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kaka wa ghalani amelipa nusu. Anasema nusu nyingine atalipa akishayaona hayo mandazi.