MJUSI ANAJIFICHA ASILIWE. WEWE JE?

Kijana, leo usiku taa ikiwaka, tazama ukutani. Utamwona jamaa mdogo, amepauka, macho makubwa yasiyo na kope. Waswahili wanamwita mjusi kafiri. Jina hilo amepewa na watu tu. Hana sumu, na mbu anakula. Hapa Kisorya, wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, huyu hakosi chakula.

Lakini hebu tuache chakula chake. Tuangalie anavyojificha.

Mkute mchana kwenye gome la mti au nyuma ya mlango wa mbao: ni wa kijivu au kahawia, mabaka meusi mgongoni. Usiku, huyo huyo, kwenye ukuta wa chokaa amekuwa mweupe-mweupe, na jike mwenye mimba unaweza kuona mayai yake mawili tumboni! Amebadilisha shati? Hapana. Ndani ya ngozi yake mna chembe zenye rangi nyeusi. Rangi ikitawanyika ndani ya chembe, mjusi anakuwa mweusi. Ikijikusanya katikati, anapauka. Mabaka nayo yanavunja umbo lake, kuku au paka asijue mwili unaanzia wapi na kuishia wapi. Tena anajilaza bapa kabisa, kivuli kiwe kidogo. Halafu anatulia tuli.

Hapo kwenye kutulia ndipo penye kazi. Rangi inamficha mjusi asiyetikisika. Akimrukia nondo pale kwenye taa, paka ameshamwona! Njaa inamvuta mwangani, na mwanga unamtoa mafichoni. Akikamatwa anauacha mkia, unarukaruka peke yake, adui anabaki anaushangaa huku mwenyewe keshaingia ufani. Mkia utaota tena, ndiyo, lakini ndani yake hamna mfupa, mna gegedu tu. Na mara nyingi hata rangi haifanani na ule wa kwanza.

Rafiki, mjusi hana dhambi hapo. Ngozi ile amepewa na Muumba wake, na katika Mithali 30 Biblia inamhesabu pamoja na chungu, wibari na nzige, wadogo wenye akili. Anawakimbia wanaotaka kumla. Ana haki!

Sasa wewe. Nyumbani kwa mama una rangi moja. Mwaloni, usiku wa giza, kwenye taa za dagaa, una nyingine. Kivukoni ukisubiri kuvuka kwenda Rugezi, una ya tatu, na binti wa watu umemwonyesha ya nne. Na umetulia tuli, eti hakuna anayejua. Mkia umeshauacha mara ngapi? Shule uliiacha. Mchumba ulimwacha. Hela ya nyavu iliishia kwenye chupa. Kila mara ukaota mwingine, ukawaambia washikaji mambo safi, na usiku ukiwa peke yako unajua ndani hamna mfupa.

Unamkimbia nani hasa? Adamu naye alijificha kati ya miti ya bustani, soma Mwanzo 3. Aliyekuja kumtafuta hakuwa paka. Alikuwa Baba yake, anamwita, tena anajua alipo. Kabla hawajatoka bustanini aliwavika mavazi ya ngozi, yeye na mkewe. Na huyo ndiye unayejibanza ufani usimsikie! Yesu alikuja kutafuta waliopotea, hakuja kuwararua.

Usingoje mpaka uwe na rangi nzuri. Mwambie hivyo ulivyo, leo hii, hata kama uko peke yako kwenye mtumbwi. Sema kwa Kijita, kwa Kikerewe, kwa Kisukuma, lugha yoyote unayolilia nayo. Mtaje yule binti kwa jina. Itaje ile hela. Mwambie, “Bwana Yesu, niko hapa.”